Maswali yenu: “If”, “would” na masharti ya Kiingereza

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinagusa jambo moja: sentensi za masharti katika Kiingereza. Tumechagua saba. Tumekaa zaidi kwenye zile ambazo kosa lake linatoka ndani ya Kiswahili chetu wenyewe, kwa sababu ukishajua kosa linatoka wapi, unalishika kabla halijafika kwenye karatasi.

*Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne. Kwenye jaribio niliandika “If I would have known, I would not have come” nikakosa. Kwa Kiswahili tunasema “ningalijua, nisingalikuja”, na pande zote mbili zinafanana. Kwa nini Kiingereza kinakataa? Naomba kueleweshwa. — Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba. Chanzo cha kosa umeshakitaja mwenyewe: pande zote mbili zinafanana. Kiswahili hutia sharti ndani ya kitenzi, na vitenzi vyote viwili hubeba alama ileile: ni-ngali-jua, ni-si-ngali-kuja. Hata ukisikia nusu ya kwanza tu, umeshaelewa kwamba jambo halikutokea.

Kiingereza kinagawa kazi. Upande wa sharti una “if”, na neno hilo peke yake linatosha kuonyesha kuwa hili ni sharti. Upande wa matokeo hauna “if”, ndiyo maana wenyewe hupewa “would”. Ukiweka “if” na “would” upande mmoja, umelipa nauli mara mbili kwa safari moja.

Sasa, kama “would” haikai upande wa sharti, kitenzi cha huko kinafanya nini? Kinaonyesha umbali. Kila jambo linapozidi kuwa mbali na ukweli, Kiingereza hukirudisha kitenzi nyuma hatua moja. Tazama kitenzi “have” katika sentensi tatu hizi.

“If I have money, I will buy a phone.” Nikiwa na pesa nitanunua simu. Inawezekana kabisa, pengine mwisho wa mwezi.

“If I had money, I would buy a phone.” Ningekuwa na pesa ningenunua simu. Sina, nawaza tu.

“If I had had money, I would have bought a phone.” Ningalikuwa na pesa ningalinunua simu. Simu imeshauzwa kwa mwingine, hakuna la kufanya.

“Have”, “had”, “had had”. Katika sentensi ya pili kitenzi kina umbo la wakati uliopita, lakini hakizungumzii jana. Pesa sina leo. Umbo hilo limeazimwa ili kusema “haiko hivyo”. Mwanafunzi asiyeelewa hili huona “If I had money” akadhani ni habari ya mwaka jana, na kuanzia hapo kila kitu humchanganya. Na “had had” usiiogope, wala usifute moja ukidhani umerudia kwa bahati mbaya. Ya kwanza ni kitenzi kisaidizi, ya pili ni “have” yenyewe katika umbo lake la tatu (have, had, had, kama vile go, went, gone).

Kuna mtego mwingine hapo. Katika Kiswahili cha vitabuni, -nge- ni ya jambo ambalo bado lingeweza kuwa, na -ngali- ni ya lililokwisha kupita. Lakini katika mazungumzo ya kila siku, wengi wetu tumeiachia -nge- kazi zote mbili. Mtu ameshafika kwenye sherehe, muziki umekatika, chakula kimeisha, anasema “ningejua nisingekuja”. Ukifuata -nge- hiyo utaandika “If I knew, I would not come”. Kisarufi sentensi haina kasoro, ila inasema jambo lingine: kwamba sasa hivi hujui, na kwamba safari ya kuja bado iko mbele yako. Kwa hiyo usiangalie kama Kiswahili chako kimetumia -nge- au -ngali-. Jiulize swali moja: jambo limeshapita, au bado? Likiwa limeshapita, upande wa “if” ni “had” na umbo la tatu la kitenzi. Upande wa matokeo ni “would have” na umbo la tatu. “If I had known, I would not have come.”

Kwenye chumba cha mtihani jikague hivi. Pigia mstari maneno yote kuanzia “if” mpaka koma. Ndani ya mstari huo tafuta “would”. Ukiikuta, iondoe: “would know” igeuze kuwa “knew”, na “would have known” igeuze kuwa “had known”. Kisha hamia upande wa pili uhakikishe kuna “would”, “could” au “might”. Mwisho angalia maumbo ya tatu, kwa maana alama nyingine hupotelea hapo. “Would have went” si sahihi, ni “would have gone”. “Had woke up” si sahihi, ni “had woken up”. “Had came” si sahihi, ni “had come”. Wengine wanajua kanuni yote ya masharti vizuri, wakaangushwa na kitenzi kimoja ambacho hawakukikariri.

*Mimi naishi Ohio, Marekani. Kila siku kazini nawasikia wenyeji wakisema “If I would have known”. Nyinyi mnasema ni kosa. Na pia nashindwa kusikia tofauti wanapofupisha maneno: “if I’d”, “I’d have”. Naomba msaada. — Msomaji, Ohio*

Masikio yako hayajakudanganya. Katika mazungumzo ya Wamarekani wengi “If I would have known” husikika sana, na hata Uingereza utasikia “If I’d have known”. Kwenye maongezi hakuna atakayekukatiza. Lakini kwenye barua ya kuomba kazi, insha ya chuo au mtihani wa lugha, umbo hilo bado huhesabiwa kuwa kosa, na anayesoma hatajua kama umeliokota kwa wenyeji au umelitafsiri kutoka Kiswahili. Andika “If I had known”. Kuzungumza, zungumza upendavyo.

Kuhusu “’d”: herufi hiyo moja inasimama badala ya maneno mawili tofauti, “had” na “would”, na sikio peke yake haliwezi kuyatenganisha. Kinachoyatenganisha ni neno linalofuata. Likifuata umbo la tatu la kitenzi, hiyo ni “had”: “I’d seen”, “I’d gone”, “I’d told”. Likifuata kitenzi kitupu, au “have”, hiyo ni “would”: “I’d see”, “I’d go”, “I’d have told”. Chukua sentensi “If I’d seen him, I’d have told him.” Ya kwanza inafuatwa na “seen”, basi ni “had”. Ya pili inafuatwa na “have”, basi ni “would”. Iliyojitenga ni “I’d better go”. Hiyo ni “had better”, ingawa “go” ni kitenzi kitupu.

Jihadhari pia na “would of”. Wenyeji wengi huandika hivyo, hasa kwenye simu, kwa sababu “would’ve” ikisemwa haraka inasikika kama “would of”. Hakuna “of” hapo. Ni “would have” siku zote, na hivyohivyo “could have” na “should have”.

*Ndugu Mhariri, salaam. Ofisini huwa namalizia barua pepe za wateja kwa “If you will need more information, contact us.” Mkuu wangu alifuta “will”. Wiki hiyohiyo yeye aliandika “I would be grateful if you would confirm the delivery.” Sasa kanuni ni ipi? — Karani wa ofisi ya usafirishaji, Mombasa*

Mkuu wako yuko sahihi mara zote mbili, na sababu ni kwamba “will” ina maana mbili.

Maana ya kwanza ni wakati ujao. Hiyo haiingii upande wa sharti. Kiswahili kinaturuhusu kusema “kama mvua itanyesha, tutapakua mzigo kesho”, wakati ujao pande zote mbili. Kiingereza kinataja wakati ujao upande mmoja tu, wa matokeo: “If it rains, we will unload tomorrow.” Kanuni hii haihusu “if” peke yake. Inashika pia “when”, “before”, “after”, “until”, “as soon as” na “unless”. Na hapo Kiswahili kinatuvuta zaidi, kwa sababu tunasema “meli itakapofika”, na ile -ta- iliyomo ndani inatusukuma kuandika “when the ship will arrive”. Andika “When the ship arrives, we will call you.” Kwenye barua za usafirishaji kosa hili ni la kila siku, maana kila sentensi inahusu mzigo utakaofika.

Maana ya pili ya “will” ni kukubali, kuwa radhi. Hiyo inaruhusiwa upande wa sharti. “If you will wait here, I will call the manager” ni sawa na kusema “ukikubali kusubiri hapa, nitamwita meneja”. “Would” ni ileile, yenye adabu zaidi. Kipimo chake ni rahisi: badilisha kwa Kiswahili uweke “kuwa radhi”. “Nitashukuru ukiwa radhi kuthibitisha” inaeleweka, kwa hiyo “if you would confirm” inakubalika. “Ukiwa radhi kuhitaji maelezo zaidi” haina maana, kwa sababu kuhitaji si jambo la hiari. Ndiyo maana ilifutwa.

Kuna “if” nyingine ambayo si ya sharti hata kidogo, nayo huruhusu “will” bila tatizo: “I do not know if the container will arrive on Friday.” Sijui kama kontena litafika Ijumaa. Hapa “if” ni sawa na “whether”, ni swali lililofichwa. Ukiweza kuweka “whether” badala yake na maana ikabaki, “will” iache ilipo.

Kwa kumalizia barua, andika “If you need more information, please contact us.” Ukitaka iwe rasmi zaidi, “Should you need more information, please contact us.” Kitu kimoja zaidi, kwa kuwa kiko kwenye barua za ofisi nyingi: “I would appreciate if you send the invoice” inakosa neno. Kitenzi “appreciate” lazima kifuatwe na kitu, kwa hiyo ni “I would appreciate it if you sent the invoice”, au “if you could send”. Hiyo “it” ndogo ndiyo watu wanaisahau.

*Mimi ni mchoraji wa mabango. Nimepewa kazi ya hoteli: “Moto ukitokea, tumia ngazi. Usitumie lifti.” Kwa Kiingereza niweke “when” au “if”? — Fundi, Arusha*

Usiweke “when”. Ile -ki- ya “ukitokea” inafanya kazi ya “if” na ya “when” kwa pamoja, na msikilizaji wa Kiswahili huamua mwenyewe kwa kutazama mazingira. Kiingereza kinamlazimisha mwandishi aamue. “When” ni ahadi kwamba jambo litatokea, kinachosubiriwa ni saa tu. Bango lenye “When fire breaks out” linamwambia mgeni kwamba hoteli inautarajia moto. Andika “In case of fire, use the stairs. Do not use the lift.” Wageni wengi wakiwa Wamarekani, “elevator” badala ya “lift”.

Kipimo cha -ki- ni kuuliza: naweza kuongeza “kama kweli”? “Ramadhani ikifika” haikubali “kama kweli”, kwani lazima ifike, basi ni “when”. “Wakituongezea mshahara” inakubali, basi ni “if”. “Mama akirudi” inategemea: kama ameenda sokoni ni “when she comes back”. Ukiandika “if she comes back”, msomaji ataingiwa na wasiwasi kwamba huenda asirudi. Na yale yanayojirudia kila mara, kama “nikila pweza, midomo inavimba”, hukubali yote mawili, na pande zote mbili hubaki katika wakati uliopo: “If I eat octopus, my lips swell.” Hapo hata “will” ya matokeo haihitajiki.

Kwa kuwa bango lako ni la tahadhari, usichanganye “in case of” ya kwenye bango na “in case” ya kujihami. “Take an umbrella in case it rains” maana yake chukua mwavuli sasa hivi, mvua isije ikakukuta huna. “Take an umbrella if it rains” maana yake subiri inyeshe ndipo uchukue.

*Mwanangu yuko kidato cha pili. Zoezi lilisema: andika upya ukianza na “Unless”. Sentensi ilikuwa “If you do not work hard, you will fail.” Akaandika “Unless you do not work hard, you will fail” akakosa. Mimi naona maana ni ileile, “usipofanya bidii”. Nimsaidieje? — Mzazi, Bukoba*

Mzazi, “unless” ina kukanusha ndani yake tayari, kama vile -sipo- ilivyo na -si- ndani yake. “Usipofanya bidii” yote imo katika “unless you work hard”. Ukiongeza “do not”, umekanusha mara mbili, na sentensi ya mwanao sasa inasema kwamba atakayefeli ni yule anayefanya bidii.

Mfundishe hatua mbili, na afanye zote mbili kwa pamoja: kwanza, toa “if” uweke “unless”; pili, toa “do not” au “does not” urudishe kitenzi kwenye umbo lake la kawaida. Hatua ya pili ina kijishimo kwa “he” na “she”. “If he does not pay” ikiondolewa “does not” inapaswa kuwa “Unless he pays”, na ile -s inarudi kwenye kitenzi. Wengi wanaisahau, kwa sababu ilikuwa imefichwa ndani ya “does”.

Ila hapa tunawaomba walimu wawe waangalifu wanapotunga mazoezi haya, kwa sababu si kila “if not” inaweza kuwa “unless”. “Unless” maana yake ya kweli ni “isipokuwa kama”: jambo litakuwa hivi, ila pakitokea kizuizi hiki kimoja. Jaribu “nitafurahi asipokuja”. Ni “I will be glad if he does not come.” Ukigeuza kuwa “I will be glad unless he comes” umesema kwamba una furaha tayari, na kuja kwake ndiko kutakakoiharibu. Kwa upande mwingine, “asingekuwa mgonjwa angekuja” ni “If he were not ill, he would come”, na haikubali “unless” kabisa, kwa sababu ugonjwa upo, si kizuizi kinachoweza kutokea au kutotokea. Vivyo hivyo kwenye maswali: “What will you do if you do not pass?” iache kama ilivyo. Mtoto anayeambiwa kwamba “unless” ni sawa na “if not” siku zote atakuja kuumia mbele ya safari.

*Walimu wenzangu, nafundisha sekondari. Naomba maelezo juu ya mambo matatu: “if I was” au “if I were”, sentensi zisizoingia katika aina zilizomo vitabuni, na jinsi ya kugeuza “If I had known” kuwa “Had I known”. — Mwalimu, Mwanza*

Mwalimu mwenzetu, kwa mazoezi na mitihani fundisha “were” kwa nafsi zote pale jambo linapokuwa si la kweli: “If I were the headmaster”, “If she were here”. “Was” husikika sana kwenye mazungumzo na wengi huikubali, ila “If I were you” imeganda hivyo na haifai kuguswa. Onyo letu ni kwa upande wa pili. Mwanafunzi akishafundishwa “were”, huipaka kila mahali. “If I was rude yesterday, I apologise” lazima ibaki “was”, kwa sababu si jambo la kubuni. Inawezekana kweli jana nilikuwa mkorofi. “Were” ni ya yasiyo ya kweli, “was” ni ya yaliyopita ambayo hatuna hakika nayo.

Hilo linatuleta kwenye swali lako la pili. Zile aina za vitabuni, sifuri hadi tatu (sifuri ni ya yanayojirudia kila mara, ya kwanza ya linalowezekana, ya pili ya kuwaza tu, ya tatu ya lililokwisha kupita), ni kiunzi cha kumsaidia anayeanza, wala hazikusanyi lugha yote. “If the bus left Dar at six, it will be in Morogoro by now” ina wakati uliopita upande mmoja na “will” upande wa pili, na ni sahihi kabisa, kwa sababu basi huenda kweli liliondoka. (Na wakumbushe wanafunzi kwamba “six” hiyo ni saa kumi na mbili.) “If you have finished, you may go” haimo kwenye jedwali la aina hizo, na kila mwalimu huisema. Tunaona ni afadhali mwanafunzi ajue maana ya kila upande kuliko kukariri namba ya aina. Aulizwe: sharti linawezekana, ni la kuwazika tu, au limeshapita? Kisha aulizwe tena swali hilohilo kuhusu matokeo, kwa kujitegemea. Majibu yakitofautiana, pande zitatofautiana. “If I had studied medicine, I would be a doctor now.” Kusoma kumepita, udaktari ni wa sasa. “If she were not so careful, she would have signed that contract.” Uangalifu ni tabia yake ya siku zote, kusaini kulikuwa kwa siku moja iliyopita. Mwanafunzi anayejua kuuliza mara mbili hashtuki akikutana na mchanganyiko wa namna hii. Mwenye jedwali tu hukwama, au huilazimisha sentensi iwe aina ya tatu.

Kugeuza ni kazi nyepesi ukiwa na mipaka yake. Ni vitenzi vitatu tu vinavyoweza kutangulia pale “if” inapoondolewa: “had”, “were” na “should”. “If I had known” inakuwa “Had I known”. “If the bank were to refuse” inakuwa “Were the bank to refuse”. “If you should meet him” inakuwa “Should you meet him”. Huwezi kugeuza “If I knew” kuwa “Did I know”, hilo litakuwa swali. Makosa ya kawaida ni matatu. La kwanza ni kubakiza “if”, “If had I known”. La pili ni kufupisha kikanushi, “Hadn’t I been told”, wakati inatakiwa “Had I not been told”. “Not” hukaa peke yake baada ya kiima, hapa “I”. La tatu ni kuigeuza “had” ambayo ni kitenzi kikuu: “If I had a car” si “Had I a car” katika Kiingereza cha leo, ingawa utaikuta kwenye maandiko ya zamani. Ili igeuke vizuri, “had” iwe imefuatwa na umbo la tatu.

*Rafiki yangu amelazwa. Nimemtumia ujumbe “I wish you will get well soon”. Mwenzangu anasema nimekosea, ila hakuweza kueleza. — Msomaji, Muscat*

Tunamwombea afueni. Mwenzako ana haki. “Wish” ikifuatwa na sentensi nzima ina maana ya “laiti”, si “natumaini”, na “laiti” hutumika kwa jambo ambalo haliko hivyo. Kwa hiyo kitenzi kinachoifuata kinarudi nyuma hatua moja, sawasawa na upande wa sharti: “I wish I knew” ni laiti ningejua, sasa hivi sijui; “I wish I had known” ni laiti ningalijua, na wakati umeshapita. “Will” haiwezi kufuata hapo.

Kwa mgonjwa unayemtarajia apone, andika “I hope you get well soon”, au “I hope you will get well soon”; “hope” inakubali zote mbili. Unaweza pia kubaki na “wish” ikiwa haifuatwi na sentensi bali na kitu unachomtakia: “I wish you a quick recovery.” Usijaribu kurekebisha kwa kubadilisha “will” kuwa “would”. “I wish you would get well soon” itamfikia kama lalamiko, kana kwamba umechoka kumsubiri apone. “I wish you would” ndiyo tunayotumia kwa jirani anayepiga muziki usiku, “I wish you would turn it down.”